Bi Luiza Anakwenda Mombasa

Alkhamisi, 12 Machi 1970

Hamali kaniletea marobota mawili ya kitambaa cheupe, kateremsha ukumbini, kaondoka bila ya kusema kinatoka wapi. Si marekani, si maradufu, kinateleza mkononi kama samaki. Khelef alipoingia jioni nikamuuliza hiki nini. Akasema nimshonee matanga. Nikamwambia mie nashona kanzu, sare za skuli na nguo za maharusi, tanga sijapata kulishona tangu nizaliwe. Akasema kitambaa ni kitambaa. Nikamjibu kwa hivyo na mbao ni mbao, na yale madawati anayoyagonga huko ushirikani miaka yote hii nayo ni vyombo. Akacheka. Zamani sijamsikia akicheka, basi nikaona nikubali.

Khelef ni ndugu yangu. Baba yetu alikuwa akiunda vyombo, na yeye kafunzwa kazi hiyo, lakini tangu Mapinduzi hakuna aliyemwagiza hata ngalawa. Sasa kapata. Mhandisi mmoja wa Mombasa, Mgoa, Bwana Menezes, kaleta michoro na ruhusa zenye mihuri, anataka aundiwe yoti kule Maruhubi. Yoti ni chombo cha matanga cha kutembelea tu, hakichukui hata gunia moja la karafuu. Kaipa jina la mkewe, Luiza, na mafundi wanaiita Bi Luiza. Ikiwa nzuri, ipo na ya pili, na Khelef hatorudi tena kwenye madawati.

Lakini pana sharti moja. Aliyeiunda aje nayo. Yaani Khelef asafiri nayo mpaka Mombasa, ikizama azame nayo.

Nilipomwambia mama, aliendelea kuchagua mchele. Najua alichokuwa akikiwaza, maana ndicho nilichokuwa nikikiwaza mimi. Kaka yetu mkubwa, Nasser, naye alikwenda Mombasa. Alikwenda harusini, juma moja tu, mwaka wa sitini na sita. Alikuwa fundi saa. Alipopitisha juma la pili nikafungua mtoto wa meza yake, nikakuta vikoleo havipo, vinyundo havipo, na kile kioo chake cha kubandika jichoni hakipo. Nani anakwenda harusini na nyundo? Sasa yuko Dubai, ana mke na watoto tusiowajua.

Khelef ndiye aliyebaki.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nimevunja sindano mbili. Kitambaa hiki kina kiburi.

Jumapili, 22 Machi

Leo nimekwenda Maruhubi kuchukua vipimo. Sikutaka kumsifu mtu. Nilikwenda na uso wangu wa kununia.

Bi Luiza yumo ndani ya banda la makuti, mataruma yote, yaani mbavu zake, yameshasimama, na mbao zimeanza kupigwa kutoka chini. Nilisimama mlangoni nikasahau kuamkia. Vyombo nimeviona, nimekulia mbele ya vyombo, vyote vina matumbo mapana, vinakaa. Hiki kimesinyaa kiunoni, halafu chini kinateremka, kinateremka, mpaka unajiuliza mwisho wake uko wapi. Khelef alikuwa juu na tezo lake, anachonga ubao, kila pigo anatoa kigamba chembamba sawasawa na kilichotangulia. Nimemtazama mtu huyu akila na akilala miaka thelathini na nne, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona.

Nikamwambia chombo chake hakina pa kukalia. Akasema hakijaumbwa kukaa.

Jumatano, 1 Aprili

Leo wamemimina risasi ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Nilipeleka chakula, nikabaki kutazama.

Walichimba kalibu kwenye mchanga, ndefu kuliko mtu, wakayeyusha risasi mapipa mawili juu ya kuni za mikarafuu. Nahodha Simai alikuwepo, ndiye atakayeichukua yoti mpaka Mombasa, Mtumbatu mfupi, wa Mkokotoni, mtu wa maneno machache. Nikamuuliza kama yeye anaona sawa, chombo kufungwa risasi shingoni kabla ya kuzaliwa. Akasema hiyo risasi ndiyo itakayokirudisha. Kukirudisha wapi, hakuniambia.

Wakasema bismillahi, wakamimina. Sijapata kuona kitu kama kile. Chuma kizito kinakwenda kama maziwa, kinang'aa, mawingu yote ya juu yanaonekana ndani yake, na sote tukakitazama mpaka kilipoanza kufifia. Mcha, fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa za mbao kwa pamba, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo hata akiwa kaibana pamba kwa meno, alisimama kavua kofia.

Nimerudi nyumbani na harufu ya moshi nguoni. Sanduku la zana la Khelef lipo chini ya kitanda chake. Hulileta kila jioni.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Cherehani inalia kama mtoto mwenye tumbo.

Jumanne, 21 Aprili

Tanga kubwa limekuwa kubwa kweli, halienei ndani. Mwalimu wa chuo cha Kurani hapa mtaani kanipa ruhusa nilitandaze barazani watoto wakitoka. Nilitambaa juu yake kwa magoti na chaki na uzi. Michoro ya Bwana Menezes inataka tanga liwe na tumbo, si bapa kama shuka. Nimefumua, nimeshona, nimefumua. Jirani yangu Wanu alipita akauliza hicho chandarua cha nani. Nikamwambia cha tembo.

Nashona polepole. Wala siandiki kwa nini.

Alkhamisi, 7 Mei

Khelef kaniuliza tanga dogo litakwisha lini, maana kubwa kaliona limekwisha. Nikamwambia uzi haupatikani. Akaenda, akarudi na uzi. Sijui kautoa wapi, madukani haupo.

Kanunua na koti la mvua. Anauliza habari za Mombasa kwa kila anayepita: nyumba zinapangishwaje, mafundi wa bandarini wanalipwaje. Mama anasikia. 

Usiku huu nimechungulia. Sanduku lipo, ila limesogea kidogo ukutani. Khelef anapenda kulisukuma kwa mguu.

Nimeomba dua ambayo haipaswi kuombwa. Nimemwomba Mungu yoti isimalizike.

Jumanne, 19 Mei

Maulidi yamepita, imeamuliwa kushua, yaani kuiingiza yoti majini, Jumamosi, maji makubwa ya alfajiri. Tanga dogo nimelimaliza. Lilikataa kuchelewa zaidi.

Jumamosi, 23 Mei

Mikono yangu ina shahamu, mafuta na chokaa ya kupakia vyombo, mpaka kwenye viwiko na haitoki kwa sabuni. Naandika hivyo hivyo.

Tulifika Maruhubi kabla ya adhana. Watu wa Mtoni walikuja, wa Bububu walikuja, wengi kuliko tuliowaalika, maana miaka mingi hakijashuliwa chombo pwani ile. Yoti ilikuwa juu ya kitanda cha magogo kilichopakwa mafuta. Walisali, wakasoma dua, kisha wakashika kamba, huyu anaimba na wale wanaitikia, na kile kitu kirefu cheupe kikaanza kwenda. Taratibu. Kikaingia majini mpaka magogo yakakiachia. Kikacheza kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Wanawake tukapiga vigelegele na mie nikapiga, nikajishtukia nnapiga.

Mcha akatia nanga pale pale vinapotiwa vyombo vyote, watu wakaenda kula. Bwana Menezes alituma mchele wa pilau kutoka Mombasa, na mchele wa namna ile hatujauona tangu mwaka jana. Basi tulikula. Khelef alikula, Nahodha Simai alikula, Mcha akala mara mbili. Maji yakaanza kutoka, na hakuna hata mmoja aliyestuka, kwa sababu toka tuzaliwe sote tunajua chombo maji yakikitoka hukaa mchangani chenyewe, ukaenda ukakipanda kwa miguu. Watu wote wale, mafundi watupu, manahodha, watoto wa mafundi, na hakuna aliyekumbuka kwamba hiki ni chombo kisichokaa.

Mimi nilikuwa nakosha sinia. Nikainua uso, nikaona mlingoti umeinama. Nikaita, "Khelef, Bi Luiza anatuamkia."

Alitazama. Tonge lilimwanguka.

Walikimbia na magadi, miti ya kukitegemezea, lakini kilikwisha kuwa kizito, kingewaponda. Nahodha Simai akapiga kelele waache miti, walete magunia, makuti, chochote kilaini. Wakarundika magunia chini ya ubavu, na Bi Luiza akalala juu yake polepole, akawa chali nusu, mlingoti wake karibu uguse mchanga, mkuku wa risasi ukamtoka nje, mweusi. Ubao haukuvunjika. Kisha maji yakaenda zake mbali kabisa akabaki peke yake kwenye mchanga mkavu, na kaa wanampitia chini.

Nahodha akamzunguka, akagonga mbao, akasikiliza. Alituambia wazi hivi: maji yakirudi risasi itamwinua mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mlango wa chumba cha chini, pale juu ya sitaha, haujatiwa kifuniko. Maji yataufikia mlango kabla ya yeye kuwa mwepesi wa kuinuka. Yakiingia ndani, hainuki tena. Atajaa pale pale alipolala.

Mafundi wakaleta mbao kuziba. Mbao mbichi, zilizopindika, unaona mwanga katikati. Mcha akasema pamba ya kalafati iliyobaki haitoshi hata robo. Khelef alikaa mchangani, kashika kichwa kwa mikono miwili, na koti lake jipya la mvua amelivaa bado, jua kali vile. 

Na mimi nilisimama. Nasema kweli, kwanza moyo wangu ulipoa. Nilichokiomba kimekuja, kimelala mbele yangu. Hakuna yoti, hakuna Mombasa, Khelef atarudi kwenye madawati yake na jioni atakuja kula. Sikuwa na haja ya kufanya lolote. Kusimama tu.

Nikamtazama ndugu yangu pale chini. Nikaona atarudi nyumbani kweli, lakini sijui nani atakayerudi.

Tanga dogo lilikuwa kwenye gari la ng'ombe, limekunjwa, nililileta lisomewe dua pamoja na kubwa. Nikalichukua begani, nikaenda nalo mpaka kwenye yoti, nikaanza kulikunja mara nne juu ya ule mlango. Nikamwambia Mcha alete shahamu yote aliyonayo. Akanitazama, akaenda mbio. Tukapaka mie na yeye kwa mikono, chokaa na mafuta, tabaka kwa tabaka. Khelef akaja na nyundo, akasimama.

"Sheikha, tanga hilo umelishona miezi miwili."

"Piga msumari."

Akapiga. Nilisikia kila msumari ukipita kwenye mishono yangu.

Maji yakaanza kurudi kabla ya adhuhuri. Watu hawakuondoka. Wengine waliketi juu ya magogo, wengine wamesimama majini, wakawa wanarudi nyuma kila maji yalivyowasogelea. Maji yakashika ubavu wa chini. Yakashika ukingo wa sitaha. Yakapanda sitaha yenyewe, yakaja mpaka kwenye tanga langu, na tanga likaingia ndani kidogo, likafanya bonde, na mimi nikashika mkono wa mtu nisiyemjua. Halikuvuja. Maji yakapanda tena kidogo. Yoti haikutingishika. Nahodha Simai midomo ilikuwa inacheza, anasoma.

Halafu nikasikia mchanga ukiachia. Sauti ndogo, kama mtu anayenyonya embe. Ncha ya mlingoti ikatoka kwenye maji, imelowa. Ikapanda kiasi cha kidole. Ikapanda kiasi cha mkono. Maji yakaanza kumwagika kutoka sitahani, na Bi Luiza akaja, akaja taratibu, bila ya haraka yoyote, hakuna kamba, hakuna mkono wa mtu, akanyanyuka kama mgonjwa aliyepata nafuu anayekataa kushikwa, mpaka mlingoti ukaelekea mbinguni ukasimama. Akatikisika mara moja kushoto, mara moja kulia. Akatulia.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilitaka kupiga nikaona haifai. Mzee mmoja wa Bububu akasema subhanallah kwa sauti ya chini, ikapita kwa watu wote kinywa kwa kinywa. Khelef alikuwa amesimama maji ya kifua, analia wazi wazi, na mimi nilikuwa nalia, na wala sijui nnalia nini. Nimeishi nikijua kwamba kinacholala kimelala. Leo nimeona kitu kimefanywa na mikono ya ndugu yangu, na ndani yake kimetiwa kuinuka.

Jumapili, 24 Mei

Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 3 Juni

Tanga dogo lina matundu ya misumari kama chujio. Nilitaka kulishona jipya, kitambaa kimebaki. Nahodha Simai kakataa. Kasema nitie viraka, liende hivyo hivyo, tanga lililokwisha kuokoa chombo haliachwi nyumbani. Nimetia viraka.

Jumamosi, 6 Juni

Sikutegemea kuyaandika haya. Leo nimepanda.

Tanga kubwa lilikuwa linafanya makunyanzi upande wa mlingoti, Khelef akaja kunichukua, ati lazima nilione likiwa na upepo. Nilikwenda na mkasi wangu na uzi, nikamwambia mama nitarudi saa hiyo hiyo. Tukapita kisiwa cha Chapwani, tukapita na mwamba, na maji yakabadilika rangi, kwanza kijani, kisha buluu, kisha rangi nisiyo na jina lake. Upepo ulipokaza yoti ikainama na mimi nikapiga ukelele, nikamkumbatia Mcha wa watu. Nahodha Simai, mkono kwenye usukani, akaniambia, "Mwachie ainame, Bi Sheikha. Anajua kurudi."

Nikamwachia. Baada ya muda nikaachia na mkono wa Mcha.

Nikageuka nyuma. Unguja yote ilikuwa imekaa juu ya maji, na mji, na minara, na jumba la Beit-al-Ajaib lenyewe, dogo, naliziba kwa ukucha. Nyumba yetu imo mle ndani. Mama yumo mle. Nasser aliiona hivi siku ile, nikawaza, na kwa mara ya kwanza sikumkasirikia. Juu yangu tanga nililolishona kwa magoti barazani lilikuwa limejaa, lina tumbo, linavuta chombo kizima na risasi yake na watu wake, wala halitoi sauti. Makunyanzi yalikuwepo kweli. Nikayatia alama ya chaki.

Jumamosi, 20 Juni

Wameondoka leo asubuhi.

Watu wa forodha walikuja, wakakagua, wakafungua mpaka pipa la maji, wakapiga mihuri. Khelef akapanda na mkeka wake, koti lake, na kisha Mcha akamfikishia sanduku la zana. Sanduku zima. Tezo, misumeno, keekee, patasi za baba. Nililiona likishuka kwenye ule mlango ambao sasa una kifuniko chake. Mtu anahitaji zana baharini, najua. Nasser naye pengine alikuwa na sababu yake.

Ningeweza kusema pale. Mama alinituma niseme, hakunituma kwa mdomo, lakini alinituma. Khelef akashuka mara ya mwisho kuniaga, na macho yake yalikuwa yananisubiri.

Nikamwambia, "Nenda. Usirudi kwa sababu yetu. Ukitaka mwenyewe, rudi."

Akasema, "Naam, Sheikha." Kama nilikuwa mkubwa wake.

Nilisimama Maruhubi mpaka matanga yangu yakawa kama kucha, yakawa kama punje ya mchele, yakawa hayapo. Nilitaka kuhuzunika na nilihuzunika. Lakini nilikuwa nimejaa kitu kingine pia, kikubwa kuliko huzuni, na kilinisimamisha wima njia nzima mpaka nyumbani.

Alkhamisi, 25 Juni

Simu ya maandishi imekuja. Wamefika salama. Haikusema neno jengine.

Jumapili, 28 Juni

Wanu kaja kunitazama kwa uso wa kutoa rambirambi. Nimempa chai bila ya sukari.

Alkhamisi, 2 Julai

Nahodha Simai na Mcha wamerudi na meli, wao wawili tu. Nahodha kanieleza: usiku wa mkondo wa Pemba bahari ilikuwa mbaya, ikawalaza mpaka mlingoti ukanusa maji, na wakainuka, wakalala, wakainuka. Khelef kabaki, Bwana Menezes ana maneno naye. Kumuuliza maneno gani sikuthubutu.

Mama leo kapika mchele wa watu wawili.

Jumatano, 8 Julai

Tulikuwa tunakula. Hamali kaingia kwanza, sanduku kichwani, kaliteremsha ukumbini pale pale alipoteremsha marobota. Khelef nyuma yake, kakonda, kaungua pua.

Mama akaosha mikono, akamwambia akae, wali ni mdogo lakini upo. Basi. Mimi nilikwenda jikoni, nikakaa chini karibu na seredani ya makaa, nikashika mdomo kwa kanga mpaka mabega yalipotulia.

Kumbe walimtaka abaki. Kazi ipo, ghorofa ipo, mshahara uliomfanya mama aache kutafuna. Kawaambia mbao za ya pili zimeshakatwa, zinakauka Maruhubi, na hakuna wa kuzigeuza. Maana ipo ya pili, ndefu zaidi, ya rafiki yake Bwana Menezes. Akaeleza kwamba Bwana Menezes alipita kidole kwenye viraka vya tanga dogo, kimoja kimoja, akauliza ni nini. Khelef akamsimulia yote, na pilau.

"Sasa sharti limegeuka," akasema Khelef, anatazama sahani. "Aliyeiunda na aliyeshona. Wote wawili waje nayo."

Nilifungua mdomo kukataa. Nina maharusi wa kuwashonea, nina mama. Mdomo ukasema nitakwenda. Niliyaona yale maji yasiyo na jina la rangi, nikasema tena nitakwenda, kwa sauti zaidi, nijisikie.

Mama hakushangaa. Aliinuka, akakusanya sahani. Alipofika mlangoni akasimama, kanipa mgongo.

"Na mkasi?" akaniuliza. "Unakwenda nao au unauacha?"

Nikakumbuka lile sanduku lililosogea kidogo ukutani. Hakuwa Khelef. Kila usiku alikuwa mama, na magoti yake mabovu, anainama chini ya kitanda kuona kama lipo.

Nikaenda kwenye cherehani, nikaufungua mtoto wa meza, nikauchukua mkasi nikampa mkononi, nikamwambia wakati ukifika nitatumia wa kuazima. Akaupima uzito. Kisha akaenda nao chumbani, na nimetoka kumtazama sasa hivi: amelala, mkasi uko chini ya mto, mpini umetokeza.